Shilingi na Malaria: Somo la Hesabu kutoka Bagamoyo

Mganga akiulizwa kinga ipi ni bora, hutaja ile ikingayo zaidi. Mtunza hazina hutaja ile ya bei nafuu. Tathmini ya kiuchumi ya afya huyaunganisha mawazo hayo mawili kwa swali moja: fedha itakayoongezwa itaongeza afya kiasi gani? Swali hili ni zito, kwa maana shilingi iliyotumika kwa chanjo haiwezi tena kununua chandarua wala kumlipa mkunga.

Bagamoyo yatupatia mfano. Kati ya mwaka 2009 na 2014, kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko huko kilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi tatu ziliepusha, kwa wastani wa vituo vyote, matukio 1,363 ya malaria kwa kila watoto 1,000 katika muda wa miaka minne hivi. Ilipoongezwa dozi ya nne, idadi ilifikia 1,774. Matukio yazidi idadi ya watoto kwa sababu mtoto mmoja huweza kuugua mara nyingi.

Natuchukulie, kwa ajili ya somo tu, kwamba kila dozi, pamoja na kazi ya kuitoa, yagharimu shilingi 20,000. Kwa watoto 1,000, dozi tatu zitagharimu shilingi 60,000,000. Tukigawanya kwa 1,363, twapata takriban shilingi 44,000 kwa kila tukio lililoepushwa. Kwa dozi nne, shilingi 80,000,000 tukizigawanya kwa 1,774 twapata takriban 45,100. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini anayeamua juu ya dozi ya nne hana budi kuitazama nyongeza peke yake: shilingi 20,000,000 kwa matukio 411, yaani takriban 48,700 kwa kila tukio. Wastani umeificha gharama ya hatua ya mwisho. Katika hesabu kamili hutolewa pia fedha zilizookolewa kwa kutonunua dawa na kutolaza wagonjwa.

Yafaa kukumbuka kwamba matokeo yalitofautiana sana baina ya vituo. Palipo na malaria nyingi, chanjo huepusha maradhi mengi. Palipo na malaria haba, fedha ile ile huleta afya kidogo. Hesabu haituamulii; hutuonyesha tu tunachokiacha tunapochagua.

Zoezi: Katika kijiji fulani, dozi nne zaepusha matukio 200 tu kwa watoto 1,000. Kokotoa gharama ya kuepusha tukio moja, kisha jadilianeni darasani: je, kijiji hicho kianze na chanjo?