Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Somo: 2 Wafalme 4:8–21, Kumbukumbu la Torati 22:8, Matendo ya Mitume 28:30

Fungua Biblia yako 2 Wafalme mlango wa 4, usome kuanzia mstari wa 8 ukiwa umetulia. Mara nyingi tukihubiri habari ya yule mama wa Shunemu tunakimbilia mtoto: alivyoahidiwa, alivyozaliwa, alivyokufa akafufuka. Leo nataka tukae kidogo pale mwanzo, kwa kile chumba. Mama huyu alikuwa mtu mkubwa mjini kwao, hakuwa wa kukosa. Akaona mtumishi wa Mungu anapitapita njia ile, akaongea na mzee wake, wakamtengenezea chumba kidogo. Na alipokiandaa aliweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Mtu wa uwezo wake angeweza kuweka ishirini.

Alijuaje ni hivyo vinne? Alikuwa amemwangalia mgeni wake. Mtu anayetembea siku nzima anahitaji pa kulala. Atakula, atasoma, atataka kuegemea mahali: meza na kiti. Giza litaingia: taa. Hakuandaa chumba ili majirani wa Shunemu wakichungulia waseme huyu mama anajiweza. Aliandaa akimfikiria yule atakayelala humo.

Weka kidole hapo, tutarudi.

Hivi majuzi tulimhamisha dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani. Ameniruhusu nisimulie, ila nisitaje jina. Ana watoto wawili na anauza nguo za watoto, za mitumba, kando ya barabara. Alikuwa anakaa chumba kimoja cha mabati kule Kayole, choo na bafu vya kushiriki na ploti nzima. Sasa amepata nyumba Umoja, ghorofa ya nne: sebule, chumba cha kulala, jikoni padogo, na choo chake ndani. Wale mmewahi kusimama foleni ya bafu saa kumi na moja asubuhi, ndoo mkononi, mnajua choo cha ndani ni ushuhuda wa kusimama mbele ya kanisa.

Siku mbili kabla ya kuhama akanipigia simu, sauti iko chini.

"Mama, nimeona makochi kwa fundi. Ya watu saba."

Nikamuuliza pesa amepata wapi.

"Kuna mkopo wa simu wamenikubalia. Elfu thelathini."

"Na haraka ni ya nini, mwanangu?"

Akanyamaza. Halafu akasema neno lililonifanya niandike somo hili: "Si Jumapili ya pili ushirika unakuja kuombea nyumba? Wamama wote watakuja. Watakaa wapi? Watanionaje?"

Watanionaje. Huyu dada hakuwa anaogopa wezi, wala mwenye ploti, wala ngazi za ghorofa nne. Alikuwa anaogopa sisi. Watu wa kanisa lake. Na kusema ukweli, hakuwa anaota. Si mnajua vile tunaingia kwa nyumba ya mtu? Mmoja anashika pazia kwa vidole viwili. Mwingine anauliza kodi ni ngapi kabla hajaketi. Mwingine anaomba kuona chumba cha kulala, ati anaenda kukiombea, na macho yako wazi muda wote wa maombi.

Hebu tupige hesabu ya hayo makochi. Mkopo wa simu unarudishwa ndani ya siku chache, mara nyingi mwezi mmoja, na riba juu yake. Elfu thelathini ndiyo mtaji wote wa dada huyu. Hapo ndipo chakula na karo vinatoka. Maana yake mwezi ukiisha atalipa kwa kuacha kununua mzigo, na asiponunua mzigo hana cha kuuza. Watoto watakula nini, sponji? Tungekaa tukaimba na kuomba juu ya biashara yake, na hakuna mmoja wetu angejua anakalia nini.

Sasa mtu atasema nyumba tupu ni aibu. Mimi nimezaliwa Eastlands na ninakataa. Hizi mitaa zetu zilikua polepole. Muulize mzee yeyote wa Dandora. Ule mradi wa miaka ya 1970, wa Benki ya Dunia na baraza la jiji, ulikuwa na ploti 6,000 hivi, na familia nyingi zilipewa kipande cha ardhi, choo na bafu na bomba la maji, basi. Vyumba ulijenga mwenyewe, kimoja leo, kingine pesa ikipatikana. Watu waliomba Mungu ndani ya nyumba ambazo hazijafika dirishani. Na tusidharau nyumba ya kukodi pia. Paulo alikaa Rumi miaka miwili mizima katika nyumba aliyoikodi kwa gharama yake, askari akimlinda, na bado alipokea kila aliyemwendea. Luka hatuambii alikuwa na viti vingapi. (Na hapa niseme kitu kidogo: mtu akishahamia, tusisimame siku hiyohiyo kuomba Mungu amtoe kwa kukodi ampe yake. Ni maombi mazuri. Lakini amelipa deposti jana. Mwache ashukuru kwanza.)

Nilimwambia asichukue mkopo, na nikamwambia viti tutaleta sisi. Chama cha wamama kina viti vya plastiki, vile vinaenda kila matanga na kila ruracio. Vitakuja kumi, vitarudi kumi. Lakini kumwambia mtu "usikope" ni rahisi, mdomo haulipishi. Ukimzuia mwenzako kukopa, basi uje na mikono. Kwa hivyo acha niwaambie vile tulifanya, kwa sababu kuna watu wanapenda kusaidia na hawajui waanzie wapi.

Tulianza kabla ya kubeba chochote. Nairobi nzima huhama mwisho wa mwezi, pikapu zinapanda bei, wabebaji wanajiringa. Dada akaongea na keateka wa ile nyumba mpya, akakubaliwa aingie tarehe 27. Tukaenda kuiangalia mchana, maana usiku nyumba zote hufanana. Tukaomba nambari ya mita ya stima, tukanunua tokeni ya shilingi 100. Ukipata uniti kidogo kuliko kawaida, huenda mita ina deni la mpangaji aliyetoka, na afadhali ujue kabla ya kulipa. Tukafungua mifereji, tukauliza maji huja siku gani. Tukapiga picha kila ukuta, kila mlango, sinki lenye ufa, ili siku ya kutoka asiambiwe ameharibu yeye na deposti ikaliwa.

Na hapa ndipo Kumbukumbu la Torati 22:8 inaingia. Mungu aliwaagiza Waisraeli, mtu akijenga nyumba mpya azungushie dari lake kizuizi, mtu asianguke akafa na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba mpya: kabla ya pambo, kizuizi. Tulipofika kwa balkoni nikachuchumaa niwe kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Vyuma vilikuwa vimeachana, kichwa cha mtoto kinapita. Ndugu mmoja fundi akaleta wavu wa waya, akaufunga kwa saa moja, bure. Angalieni pia kuta. Tunakumbuka Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, vile jengo la ghorofa lilianguka Huruma na makumi ya watu wakafa. Ukiona ufa mpana unaopanda ukuta, usiufunike kwa picha. Tafuta nyumba ingine. Na usiku wa kwanza, kama kuna baridi, jiko la makaa lisilale ndani na watu, hata kama limefifia. Ule moshi usioonekana haubishi hodi.

Siku yenyewe walikuja ndugu watatu na vijana wawili. Nguo tulifunga ndani ya shiti, vyombo kwa gunia na magazeti. Tulihesabu vipande wakati wa kupakia, 34, na tukahesabu tena mlangoni juu. Kuna karai moja halikupanda kwa gari bali kwa mapaja yangu: sabuni, sufuria moja, chumvi, unga, shiti mbili, taa ya kuchaji, na yunifomu za watoto. Hilo karai ndilo usiku wa kwanza. Watu wengi wanahama vizuri, halafu saa tatu usiku wanafungua magunia kumi wakitafuta kiberiti.

Kufika juu, tuliweka vitanda kwanza. Kabla ya chai, kabla ya kupanga sebule. Watoto wakiona kitanda chao kimesimama, wanaacha kuuliza tunarudi nyumbani saa ngapi.

Kupamba kulichukua siku mbili na pesa kidogo. Keateka alisema ukipaka rangi, siku ya kutoka unarudisha ile ya kwanza. Kwa hivyo hatukupaka. Tuliosha kuta kwa maji ya moto na sabuni, zikang'aa mpaka dada akauliza kama ni nyumba ileile. Zile ploti zetu zimekaribiana, ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani wa ploti ya pili, na mchana ndani kuna giza. Kwa hivyo pazia ikawa ya rangi nyepesi, na kioo tukakiweka mkabala na dirisha kirudishe mwangaza. Kitambaa tulitoa Gikomba, mitumba. Pima dirisha kwanza, kisha nunua upana mara mbili, la sivyo pazia itasimama kama shiti iliyoanikwa. Nilikunja pindo kwa cherehani yangu. Chini tukatandika mkeka wa plastiki, ule wa kuuzwa kwa mita. Meza ilikuwa ile yake ya Kayole, tukaisugua na msasa. Balbu ya sebule tukaibadilisha, ile ya zamani ilikuwa inatoa mwangaza wa mshumaa.

Kitanda, meza, mkeka wa kuketi, taa. Nilipoangalia nikacheka peke yangu. Tulikuwa tumefika Shunemu bila kupanga.

Kuna jambo lingine tulifanya ambalo halionekani ukutani. Jioni ya pili nilikaanga mandazi, tukamtoa dada kwa mkono, tukabisha milango mitatu ya ile ghorofa. "Hodi, sisi ni wageni wenu." Mlango wa pili alikuwa mama Mwislamu, akatukaribisha, akatuuliza majina ya watoto. Watu wanaweza kukaa ghorofa moja Umoja miaka mitano na kujuana kwa viatu tu. Ukimsaidia mwenzako kuhama na ukaondoka kabla hajajua jirani hata mmoja, umehamisha vyombo, yeye bado yuko njiani.

Jumapili ya pili tukaenda kuombea nyumba. Niliomba ruhusa ya dada, nikaambia kikundi mapema: bahasha si lazima, leteni vitu hivi. Kamba ya kuanika. Ndoo yenye kifuniko. Ufagio. Pipa la maji, watu wanne wakachanga. Misumari ya ukuta wa saruji. Hakuna aliyeulizwa ameleta nini. Wazee wakapewa viti vya plastiki, sisi wengine tukaketi mkekani, na niwaambie, ule mkutano haukuwa na mtu wa kutazama saa.

Sasa toa kidole ulichoweka, usome mstari wa 20 na 21. Mtoto wa yule mama wa Shunemu anakufa magotini pake, adhuhuri. Anampeleka wapi? Anapanda naye kwa kile chumba, anamlaza juu ya kitanda cha mtu wa Mungu, anafunga mlango, anatoka kwenda kumtafuta nabii. Siku anaweka kitanda kile hakujua atakihitaji hivyo. Alidhani anamwandalia mgeni.

Wiki ya tatu, usiku wa manane, mtoto mdogo wa dada yetu alishikwa na homa kali mpaka akaanza kutetemeka mwili mzima. Dada hakunipigia mimi. Mimi niko mbali. Alibisha mlango wa pili. Yule mama Mwislamu akatoka na buibui juujuu, akamwamsha mume wake, wakashuka ngazi zote nne wakiwa wamembeba, wakapata gari. Hospitali ilitaka pesa kabla ya kulaza, na pesa ya mzigo ilikuwa kwa simu, haijaguswa. Sitasema makochi yangemuua mtoto. Mungu ana njia nyingi. Ninasema tu vile ilikuwa: mlango ulijulikana, na pesa ilikuwepo. Mtoto alilazwa siku tatu, sasa anakimbia kwa ile balkoni na wavu unamrudisha.

Mwezi ujao kuna familia mbili za kanisa zinahama, moja inaingia Donholm na ingine inarudi Kariobangi kwa sababu kazi imeisha. Nawasihi hiyo ya pili tuihamishe kwa nguvu ileile ya ya kwanza, na tukifika tusiulize ilikuwaje. Wenye pikapu mwone wazee wa ushirika wenu. Wenye misuli, mje na nguo za kazi.

Makochi dada bado hajanunua. Anaweka pesa kwa chama, zamu yake ni Desemba. Vitambaa vya kuyafunika ameshaanza kufuma, vya rangi ya maziwa. Juzi nilihesabu, vimefika vinne.