Injini Iliyokwama

Wakulima wa Shinyanga hupanda pamba mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba. Kabla ya hapo, wakati wa kiangazi, matrekta mengi hukaa bila kazi. Huko Geita, duara likikosa dhahabu, gari la kubebea mawe huachwa miezi mingi. Siku ya kulitumia, injini haizunguki. Imekwama. Na mvua haimngoji mtu.

Kwa nini injini hukwama?

Injini ikifanya kazi, oili hulainisha pistoni na silinda. Ikikaa sana, oili hushuka chini. Unyevu huingia kwa bomba la moshi. Chuma hushika kutu. Kutu hugandisha ringi za pistoni kwenye silinda.

Usitumie nguvu. Usipige stata tena na tena. Usivute gari kwa kamba. Ringi zitavunjika, nawe utauza ng'ombe kununua vipuri.

Fanya hivi:

1. Zuia magurudumu kwa mawe. Gia iwe huru. Fungua waya wa betri.

2. Futa vumbi, kisha fungua plagi. Injini ya dizeli, fungua nozeli.

3. Mimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda. Moto na sigara viwe mbali.

4. Ngoja siku moja au mbili. Oili ipenye kwenye kutu.

5. Tia spana kwenye nati kubwa iliyo mbele ya injini. Sukuma polepole, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikikataa, ongeza oili, ngoja tena.

6. Ikizunguka vizuri, rudisha waya wa betri. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kidogo ili oili iruke nje. Usiinamie matundu. Oili nyingi ikibaki ndani, huvunja injini.

7. Badilisha oili ya injini. Rudisha plagi au nozeli, kisha washa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila wiki washa injini mpaka ipate moto. Ikipoa, funika bomba la moshi kwa kopo. Kumbuka kuliondoa kabla ya kuwasha tena.

Maswali

1. Kutu hugandisha nini ndani ya injini?

2. Kwa nini tusitumie nguvu?

3. Kijijini kwenu kuna mashine gani iliyolala? Imelala tangu lini?