Saa, Kidonge na Kikombe: Lugha ya Dawa ya Siri kutoka Misafara ya Karne ya 19 hadi Samunge, Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna lugha inavyoijengea dawa ya siri imani mbele ya mgonjwa. Kwa "dawa ya siri" inakusudiwa dawa inayouzwa kwa jina la mwenyewe, kwa bei moja, na kwa ahadi ya kuponya maradhi mengi kwa pamoja. Waingereza wa zama za Malkia Victoria waliziita dawa za aina hii kwa jina lenye maana ya hataza. Jina hilo lilipotosha, kwani hataza humlazimu mwombaji kufichua ugunduzi wake, ilhali wengi wa wauzaji hao hawakuomba hataza kabisa. Walitegemea jina, lebo na stempu ya kodi ya Serikali. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipochapisha uchunguzi wa dawa hizo, vidonge mashuhuri vya Beecham vilionekana kuwa na shubiri, tangawizi na sabuni.

2.0 Saa na kidonge katika mzigo mmoja

Maneno saa na dawa yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yalikuwamo katika Kiswahili kabla ya ukoloni. Yalipokutana na bidhaa za viwandani za Ulaya hayakubadili umbo, ila matumizi yake yalipanuka kwa njia tofauti. Saa iliyotengenezwa London ilianza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Mswahili aliendelea kuhesabu tangu kuchwa na kucha kwa jua. Hadi leo mkono ukielekea 7, msemaji husoma saa moja. Kifaa kilipokelewa, hesabu yake ikakataliwa.

Katika misafara ya bara, saa na dawa zilichukuliwa kwa uangalifu kuliko mizigo mingine, na kuharibika au kupotea kwake kulikuwa balaa. Burton na Speke, waliotoka pwani mwaka 1857, waliharibikiwa na saa zao za kupimia longitudo. Januari 1867 Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa pale wapagazi walipotoroka nalo. Yeye mwenyewe alikuwa ameunda kidonge cha kwinini kilichochanganywa na dawa za kuharisha, ambacho baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ilikiuza kwa kutumia jina lake. Kampuni hiyo ndiyo iliyosajili jina Tabloid mwaka 1884 kwa vidonge vyake vilivyoshindiliwa, na ndiyo iliyompatia Stanley masanduku ya dawa kwa msafara wa 1887. Tone za Warburg nazo, ambazo viungo vyake havikutangazwa hadi 1875, zilisifiwa na wasafiri wengi. Hapana budi kukumbuka kwamba wasafiri waliowacheka waganga kwa kuficha dawa zao walibeba chupa ambazo hata wao hawakujua ndani yake mna nini.

Oscar Baumann aliiona kreta ya Ngorongoro Machi 18, 1892, wakati sotoka ilikuwa imewaangamiza ng'ombe wa Wamasai na njaa imeenea. Alichora ramani, kwa sotoka hakukuwa na chupa.

Neno fundi linastahili kutajwa hapa. Atengenezaye saa huitwa fundi saa. Katika ngoma za pepo za pwani kiongozi wa tiba naye huitwa fundi. Lugha imewaweka pamoja kwa sababu ya umahiri, bila kutazama kifaa. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa: fundi saa huifungua saa mbele ya mwenyewe, na kasoro huonekana. Dawa ya siri haifunguliwi.

3.0 Kikombe cha Samunge

Mfano ulio karibu zaidi na dawa za zama za Victoria ulitokea tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kwa jina la Babu, alianza kuwanywesha watu dawa ya mti uitwao mugariga katika kijiji cha Samunge. Mwanzoni mwa mwaka 2011 watu walimiminika kwa maelfu. Wengine walipitia Karatu na lango la Ngorongoro, wengine Mto wa Mbu na pwani ya Ziwa Natron, na foleni ya magari ikawa ya kilometa nyingi. Bei ilikuwa shilingi 500.

Ukilinganisha na chupa za Uingereza, alama zote zipo: bei moja, orodha ndefu ya maradhi (UKIMWI, kisukari, kansa, pumu), ushuhuda wa waliopona, na jina la mtu. Siri, hata hivyo, imehama mahali. Mti ulijulikana, wataalamu wa mimea waliutaja kuwa wa jenasi ya Carissa, na Wamasai huutumia kwa jina la olamuriaki. Kilichokuwa siri ni mamlaka: dawa ilisemekana kufanya kazi ikitolewa kwa mkono wa Babu pekee, kwa agizo la ndoto. Uchunguzi wa maabara usingeweza kuligusa dai hilo. Serikali ilipoeleza kwamba dawa haikuonekana kudhuru, wengi walisikia kwamba inaponya. Hapo pana tatizo la kisemantiki lenye madhara, kwa kuwa dawa katika Kiswahili ni neno pana mno: kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi. Kuitwa dawa hakuthibitishi uponyaji, ila msikilizaji mgonjwa huchagua maana anayoihitaji.

Tena, kikombe kilimwondolea mgonjwa saa. Dawa za kufubaza virusi zilidai saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku, maisha yote. Kikombe kilinywewa mara moja tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Watanzania wenye VVU waliokwenda kutafuta tiba huko ulionyesha kupungua kwa ufuasi wa dawa za hospitali. Yumkini hakuna maneno ya mshauri nasaha yaliyoweza kushindana na ufupi wa sentensi "nimekunywa kikombe".

Wengine walipojitokeza Mbeya, Tabora na kwingineko, neno likapata wingi mpya, vikombe, na kirai "cha Babu" kikachukua kazi ileile ambayo neno Tabloid lilisajiliwa kuifanya mwaka 1884: kumtenga mwenye bidhaa na waigaji wake. Mwasapile alifariki Julai 2021, na kwa masharti ya dawa yake mwenyewe hakuna mkono mwingine uliobaki na haki ya kuitoa.