Mpapindi Usio na Bidhaa Sokoni: Majina ya Jamii ya Mnazi Kariakoo na Hifadhi ya Mti wa Pemba

1.0 Utangulizi

Kiswahili hakina neno moja la asili linalokusanya mnazi, mtende, mvumo, mkoche, mkindu, mchikichi, mwale na mpopoo na kuifanya kuwa miti ya aina moja. Wataalamu wa mimea huiweka yote katika familia ya Arecaceae, lakini msemaji wa kawaida haioni hivyo. Akitakiwa kumweleza mgeni mvumo ni nini, husema kwamba ni mti kama mnazi. Akitakiwa kueleza mnazi, hushangaa, kwani ni nani asiyeujua mnazi? Mwandishi anayetumia "mitende" kwa maana ya jumla humfanya msomaji afikirie tende za mwezi wa Ramadhani. Anayetumia "michikichi" humfanya afikirie mawese.

Makala haya yanalichunguza pengo hilo kwa kuanzia katika soko la Kariakoo na mitaa inayolizunguka, mahali ambapo majina ya miti hii hutajwa kila siku, ingawa miti yenyewe imebaki michache. Hoja yake ni kwamba msamiati wa miti hii umepangwa na bidhaa zake wala si na mti wenyewe, na kwamba mpangilio huo una madhara kwa hifadhi ya mti mmoja ambao asili yake, duniani kote, ni kisiwa cha Pemba tu. Mti huo ni mpapindi.

2.0 Miti Iliyobaki Katika Majina ya Mahali

Mtu atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda Kariakoo hupita Mnazi Mmoja. Akiingia Kariakoo atakuta Mtaa wa Mchikichi, na akielekea upande wa bonde la Msimbazi atafika Mchikichini. Mbali zaidi, nje ya eneo hili, kuna Minazi Mirefu, Mikocheni na Mivumoni. Kariakoo yenyewe ilipewa jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo. Kabla ya vita hivyo sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa shamba la minazi. Kwa hiyo jina la kijeshi ndilo lililofunika minazi ya Kariakoo, ilhali ng'ambo ya pili ya uwanja jina la mnazi mmoja limebaki.

Kimofolojia majina haya hayalingani. Mchikichini limejengwa kwa umoja na kiambishi tamati cha mahali, -ni. Mikocheni na Mivumoni yamejengwa kwa wingi na kiambishi hicho hicho. Yumkini umoja huashiria mti uliokuwa alama, uliosimama peke yake hata watu wakaelekezana kwa huo, na wingi huashiria kichaka cha miti iliyoota yenyewe. Mnazi Mmoja ni kirai kizima, nomino na kivumishi chake cha idadi, nacho hakihitaji -ni ili kuwa mahali. Uchache wa mti umetamkwa waziwazi ndani ya jina.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba majina ya mahali ni hifadhi madhubuti ya maarifa. Mkazi wa Mikocheni hulitaja jina la mtaa wake mara kumi kwa siku bila kuufikiria mkoche, na si ajabu kumkuta kijana aliyezaliwa hapo ambaye hajapata kuliona koche. Jina la mahali huhifadhi sauti ya neno. Maana yake hupotea taratibu pale mti unapoondoka machoni. Kinachohifadhi maana ni matumizi, na kwa matumizi sharti mtu aingie sokoni.

3.0 Bidhaa na Ngeli

Utajiri wa msamiati wa mnazi unajulikana sana, lakini inafaa kuutazama namna ulivyogawanyika. Tunda lake hubadilika jina kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na likikaushwa nyama yake huwa mbata. Ganda la nje ni kumbi, nyuzi zilizosafishwa kutoka humo ni usumba, na ganda gumu la ndani ni kifuu. Nazi ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa hutoa tui, na makapi yake ni chicha. Ala inayofunika ua la mnazi ni karara. Jani ni kuti, na makuti yanayoezekea nyumba hutofautishwa kuwa ya viungo au ya kumba kwa namna yalivyosukwa. Vijiti vya katikati ya vijani vyake ni chelewa, ambavyo wanawake wa mjini huvinunua vikiwa vimefungwa kuwa fagio. Kila neno kati ya haya lina mnunuzi wake, na dafu lina hata toroli lake la kulitembeza mitaani.

Jambo la kufikirisha ni kwamba mti huu uliozaa msamiati mpana kuliko miti yote ya pwani umeenezwa kwa mkono wa mwanadamu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa minazi ya dunia imegawanyika katika makundi mawili makuu, moja la Bahari ya Hindi na jingine la Pasifiki, na kwamba kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi makundi hayo yamechanganyika. Mchanganyiko huo hueleweka vyema ukihusishwa na safari za mabaharia. Mnazi, basi, ni mgeni aliyepewa majina mengi kwa sababu alikuja na kazi nyingi.

Mkindu na mkoma ni wenyeji, nao wana majina kwa njia nyingine. Mwenye kununua mkeka Kariakoo huambiwa kuwa ni wa ukindu. Jamvi, ambalo ni zito na la kukwaruza, husukwa kwa miyaa, yaani majani ya mkoma. Msusi huanza na chane, akasuka ukili, kisha akaushona ukili upande kwa upande hadi mkeka utimie. Hapa ngeli zinafanya kazi kubwa. Mkindu (M-/MI-) ni mti. Kindu ni tunda. Ukindu (U-) ni jani kama malighafi. Mchumaji hasemi kwamba anakwenda kukata mkindu. Husema anakwenda kukata ukindu, na kwa mujibu wa sarufi yake mti haujaguswa. Mara nyingi huwa kweli haujaguswa, kwani kuti changa likitolewa kwa uangalifu shina huendelea kuishi. Lakini miti ya jamii hii huwa na kitovu kimoja tu cha kukulia katika kila shina, na kilele kikikatwa shina hilo limekufa. Halichipui tena kama mwembe uliokatwa tawi. Kutofautisha kukata ukindu na kukata kilele si suala la maneno tu. Ndiyo tofauti kati ya mavuno na maangamizi, nayo lugha ya wachumaji imeshaibeba.

Mchikichi na mtende zinatosha kutajwa kwa ufupi. Mawese ya Kigoma na tende za Uarabuni huingia Kariakoo bila miti yake, na maneno yake hustawi vizuri tu. Soko, kwa hiyo, halihitaji mti uwepo karibu. Linahitaji bidhaa.

4.0 Mpapindi

Mpapindi hauna bidhaa Kariakoo. Ni mti unaoota kwa mashina kadhaa pamoja, mashina yenye pete kama mianzi, na matunda yake madogo huiva yakiwa mekundu. Hupatikana hasa katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba. Harold Moore aliueleza kitaalamu mwaka 1962 kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa katika jenasi ya Dypsis. Na mwaka 2022, baada ya ukoo huo kupangwa upya, ukarudishwa katika jina lake la kwanza. Katika miaka 60 jina la Kilatini limebadilika mara mbili. Jina la Kipemba halikubadilika. Hili lingefaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba majina ya kienyeji hayategemeki na kwamba uthabiti umo katika Kilatini peke yake.

Ndugu zake wa karibu hawako bara. Wako Madagaska na Komoro, na mpapindi ndio pekee wa kundi lake ulioota wenyewe upande huu. Pemba hutenganishwa na bara kwa mkondo wa kina kirefu, tofauti na Unguja ambayo iliwahi kuungana na bara bahari ilipokuwa imeshuka. Kutengwa huko kwa muda mrefu kumekipa kisiwa viumbe vyake mahususi, akiwamo popo mkubwa wa Pemba. Lakini kuanzia karne ya 19 misitu ya kisiwa ilifyekwa kwa ajili ya mikarafuu, na Ngezi ni sehemu iliyosalia ya msitu uliokuwa mpana zaidi. Mti wenye makazi ya aina hiyo hauna pa kukimbilia pakiungua au pakikatwa.

Hatari ya visiwa inaonekana vizuri zaidi Morisi. Katika bustani ya mimea ya Curepipe umesimama mti mmoja wa jamii hii, Hyophorbe amaricaulis, ambao ndio wa mwisho wa aina yake unaojulikana. Umezungushiwa uzio, na juhudi za kuuzalisha zimekuwa ngumu kwa miaka mingi. Shelisheli imekuwa na bahati njema zaidi: bonde la Vallée de Mai, lenye minazi ya ajabu inayozaa mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. Tofauti kati ya visiwa hivi viwili haikutokana na thamani ya miti. Mmoja ulikuwa na tunda lililosafiri baharini na kuzungumzwa na watu wa mabara mengine kabla hawajauona mti. Mwingine haukuwa na kitu cha kuzungumziwa.

Mpapindi nao umesafiri, lakini kwa njia inayoufuta. Hupandwa kwa mapambo katika nchi nyingi za joto, na Dar es Salaam pia. Ufikapo mjini haupokewi kama mti. Huingia katika kundi la vitu vinavyouzwa kandokando ya barabara ndani ya vyungu na mifuko, navyo vyote, viwe na maua au visiwe nayo, huitwa "maua". Jamaa yake wa Madagaska, Chrysalidocarpus lutescens, aliyejaa mbele ya ofisi na hoteli za jiji, hana jina lingine zaidi ya hilo kwa wengi wanaommwagilia maji. Mti wa Pemba unapokuwa "ua", asili yake hukatika katika neno hilo. Wala bustani haiwezi kuwa badala ya msitu: miche ya mjini hutokana na mbegu za miti michache, na inaweza kuchanganyika na jamaa waliopandwa jirani.

5.0 Jina Katika Tangazo na Katika Kamusi

Zanzibar ina sheria ya usimamizi na hifadhi ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, na Ngezi ni msitu wa hifadhi. Suala linalobaki mikononi mwa wanaisimu ni lugha ya kuufikisha ulinzi huo kwa watu. Tangazo likikataza kukata "mitende ya asili", mchumaji wa ukindu hatajiona ametajwa, kwani hajakata mtende wala hana nia hiyo. Na aliyekata shina la mpapindi atasema vivyo hivyo, kwa haki. Wapo watakaotetea kuundwa kwa neno jipya la jumla, na kwa kitabu cha darasani hoja yao ina uzito. "Jamii ya mnazi" latosha kwa kazi hiyo. Katika hifadhi, neno la jumla hudhuru zaidi kuliko linavyofaa. Panatakiwa jina la mti, jina la sehemu inayochumwa, na kitenzi kinachotenganisha kuchuma na kuua.

Kamusi nazo zina wajibu wake. Kwa kuwa soko haliwezi kulibeba neno hili, kamusi ilibebe, na fasili isiishie kwenye "aina ya mti". Kidahizo kingeweza kuandikwa hivi:

mpapindi nm mi- [u-/i-] mti wa jamii ya mnazi uotao kwa mashina mengi pamoja, wenye pete shinani na matunda madogo mekundu. Asili yake ni kisiwa cha Pemba pekee, hasa msitu wa Ngezi, nao hupandwa bustanini kwa mapambo.

Sehemu ya tunda isijazwe kwa kubuni "papindi" ati kwa kufuata kanuni ya mnazi na nazi, mkoche na koche. Kanuni hiyo ina mipaka: tunda la mnazi lina majina sita na jani la mkoma lina jina lisilofanana kabisa na la mti wake. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti wa uwandani waende Makangale na Konde, jirani ya msitu, wakawaulize wazee kila sehemu ya mti huo inaitwaje, na wayaandike majina hayo kama yanavyotamkwa huko.