Somo la 9: Nyama Ngumu na Moto Mdogo

Ndugu msomaji, siku ya nyama tazama sahani za watu wa nyumbani kwako. Baba ana minofu. Vijana wana minofu. Bibi ana mchuzi. Mtoto wa mwaka mmoja naye ana mchuzi, umemwagiwa juu ya ugali. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: "Bibi hana meno. Mtoto hana meno. Nyama yenyewe ngumu."

Ni kweli nyama ni ngumu. Lakini mara nyingi ni ngumu kwa sababu tumeiharakisha.

Wengi wetu tunaamini kwamba nguvu yote ya nyama imehamia kwenye mchuzi. Sivyo. Mchuzi una ladha, una chumvi, una mafuta kidogo. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili hubaki katika nyama yenyewe. Madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, nayo kwa sehemu kubwa hubaki humo. Mtoto aliyepewa mchuzi mtupu amepewa harufu ya nyama. Huyu ndiye anayekua haraka kuliko watu wote wa nyumba ile, na ndiye anayehitaji damu.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana juu ya chakula cha watoto na cha mama wajawazito. Somo hili ni la namna hiyo. Lisomeni pamoja, na wanaume wawemo.

Nyama ya kununua

Hapa Pongwe, kama mahali pengine, ukifika bucha utaona steki imetundikwa mbele. Haina mfupa na huiva upesi. Pia bei yake ni kubwa. Wewe uliza muundi, shingo, kidari, mkia au makongoro. Hizi ni sehemu za mnyama zilizofanya kazi. Ng'ombe wetu wengi huchinjwa wakiwa wamezeeka. Ng'ombe jike amezaa ndama wengi, na dume ametembea mbali kutafuta malisho na maji. Miguu na shingo vimekaza. Nyama yake ina kano nyingi na utando mweupe, na ndiyo yenye ladha nzito kuliko zote.

Hakikisha nyama imepimwa na mkaguzi na ina mhuri wake. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla asichunwe, asiliwe, asigawiwe majirani. Huenda amekufa kwa kimeta. Ugonjwa huo humpata hata mtu anayemchuna tu, kabla ya nyama kufika jikoni. Mwiteni afisa mifugo. Usijidanganye kwamba utaipika sana.

Kwa nini inakuwa ngumu

Chukua kipande kibichi cha muundi, ukitazame kwenye mwanga. Utaona nyuzi nyekundu, na kati yake utando mweupe na kano. Vitu hivi viwili havipendi moto wa namna moja.

Nyuzi nyekundu zikipata moto mkali hujikunja na kukamua maji yake, kama nguo inavyokamuliwa. Ndiyo sababu kipande kikubwa hutoka sufuriani kikiwa kidogo na kikavu. Kano na utando mweupe ni kinyume chake. Mwanzoni hukaza, lakini zikikaa muda mrefu katika maji ya moto huyeyuka, zikawa ute. Ute huo ndio unaolainisha nyama na kuutia mchuzi uzito. Unataka ushahidi? Acha mchuzi wa makongoro upoe. Utaukuta umeganda, ukitikisa bakuli unatetemeka. Ule ni ute uliokuwa kano.

Basi anayechochea kuni ili nyama iive upesi anajisumbua. Maji yakishachemka, kuni zaidi haziyafanyi yawe ya moto zaidi. Hutoka mvuke tu, maji hukauka, na kuni zimekwisha. Nyama bado ngumu.

Hapa Pongwe tunayajua mawe ya chokaa. Mchoma chokaa anajua kwamba jiwe haligeuki kwa moto wa saa moja. Jiwe linataka moto mkali na muda mrefu. Nyama inataka moto mdogo na muda mrefu. Kuni zako zipunguze, lakini muda usiupunguze.

Namna ya kupika

Kwa watu saba chukua kilo moja ya nyama ya muundi au shingo, vitunguu maji 3, nyanya 4, saumu punje 6, tangawizi urefu wa kidole, kijiko cha chai kimoja cha bizari, nazi 1, ndimu 1 na chumvi. Kama huna bizari, usiache kupika.

Nawa mikono kwa sabuni. Kata nyama vipande vya ukubwa sawa, ili viive pamoja. Ipake tangawizi na saumu zilizopondwa, kamulia ndimu, tia chumvi, acha ikae kama nusu saa. Kisha iweke katika chungu bila maji, juu ya moto wa kadiri. Nyama itatoa maji yake yenyewe. Geuza kwa mwiko mpaka maji hayo yakauke na nyama ianze kushika rangi ya kahawia chini. Watu wengi huiruka hatua hii kwa haraka. Usiiruke. Ladha ya mchuzi inaanzia hapo.

Tia vitunguu, vikaange mpaka vilegee. Tia bizari, kisha nyanya. Sasa mimina maji ya moto yafike nusu ya kimo cha nyama. Usiigharikishe nyama. Maji mengi huzaa mchuzi mwepesi usio na ladha.

Chungu kikichemka, ondoa kuni. Bakiza moja au mbili nyembamba, au makaa machache. Funika kwa mkungu, kisha palia makaa juu yake kama bibi zetu walivyopalia wali. Vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri. Sikiliza chungu. Kikinguruma, moto ni mwingi. Ukifunua uone vipovu viwili vitatu vikipanda polepole, hapo ndipo. Funika tena. Usifunue kila mara, maana kila ukifunua joto linatoroka, na jirani naye anajua unapika nini.

Muundi wa ng'ombe mzee huchukua saa 3, pengine zaidi. Makongoro ni saa 4 au 5. Mbuzi mchanga ni saa moja na nusu. Kila baada ya muda angalia maji. Yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Nyama iko tayari ikiwa ncha ya mwiko inaigawa bila kusukuma.

Wakati huo kuna nazi yako. Kamua tui la kwanza, liweke kando. Kamua la pili, ulitie chunguni nyama inapokaribia kulainika. Ukitaka kuweka mihogo au ndizi mbichi, ziweke sasa ziive humo humo. Tui la kwanza liwe la mwisho kabisa. Koroga taratibu kwa upawa, likianza kuchemka epua. Likichemka kwa nguvu litakatika, mafuta yatajitenga juu.

Mchuzi huu unakwenda na wali, ugali wa mahindi, na bada ya muhogo.

Saa tatu nitazipata wapi?

Swali hili akina mama huliuliza kila ninapofundisha somo hili, na wana haki ya kuliuliza. Mama ana shamba, ana maji ya kuchota, na mkaa unauzwa ghali. Hawezi kukaa mekoni akilinda chungu.

Tumia kapu. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu, au hata boksi gumu. Lijaze nyasi kavu, sufi, au vitambaa vikuukuu safi, ukiacha shimo katikati la kuenea sufuria yako. Shona mto wa sufi au vitambaa wa kufunika juu. Pika nyama kama nilivyoeleza, iache itokote kwa saa moja motoni. Kisha epua ikiwa bado inachemka, usiifunue, itumbukize kapuni na uifunike kwa mto mara moja. Joto halina pa kutokea. Nyama itaendelea kuiva bila moto wowote. Sufuria iliyojaa hushika joto vizuri kuliko iliyo nusu.

Rudi baada ya saa tatu. Irudishe motoni, ichemke vizuri tena, ndipo utie tui. Usiiache kapuni kutwa nzima. Chakula kilichofika uvuguvugu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaana, na tumbo la mtoto litakuwa la kwanza kukuambia.

Papai ndiyo, vidonge hapana

Papai bichi hulainisha nyama. Utomvu wake mweupe una kitu kinachokata nyuzi za nyama. Lakini kikichemka kinakufa. Kwa hiyo papai huwekwa kabla ya kupika, si baada. Paka nyama papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, acha nusu saa. Ukizidisha muda, juu ya nyama patakuwa kama uji.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wako wapishi wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu katika sufuria ili nyama iive upesi. Wengine ni wauza supu, wengine ni watu wa nyumbani tu. Ndugu msomaji, hili ni jambo baya kabisa. Kidonge ni dawa, na dawa haigeuki kuwa kiungo kwa sababu imetiwa chunguni. Vipo vidonge vinavyoharibu ini vikizidi, na vipo vinavyodhuru figo na tumbo. Mtoto anayekula nyama hiyo amekula dawa ambayo hakuna mganga aliyempimia. Mama mjamzito vivyo hivyo. Ukimwona mtu akifanya hivyo mweleze, hata kama ni shangazi yako. Mweleze kwa adabu, lakini mweleze.

Kugawa

Kabla ya kutia pilipili, toa nyama ya mtoto. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaanza kula vyakula laini pamoja na maziwa ya mama, na nyama iliyolainika hivi ni mojawapo. Ichambue nyuzi kwa vidole safi, iponde, toa kila kipande cha mfupa na kano, changanya na ugali laini au ndizi iliyopondwa na mchuzi kidogo. Bibi naye mchambulie vilevile. Utashangaa jinsi atakavyokula. Kumbe hakuacha kupenda nyama.

Sasa tufanye hesabu. Kilo yako umeikata vipande 20. Nyumbani mko watu 7. Kila mtu akipata vipande 2, vimekwenda 14. Vimebaki 6. Katika nyumba nyingi hivi 6 huenda kwenye sahani moja, na sote tunajua ni sahani ya nani. Mimi ni baba wa watoto wawili, nami nimeila sana sahani hiyo. Siku hizi, nyumbani kwangu, mama anayenyonyesha hupata 2 zaidi, mtoto 2, na bibi 2. Baba ana vyake 2, na mchuzi wa kutosha.

Maswali ya kujadili darasani

1. Nyumbani kwako nani hupewa mchuzi bila nyama? Kwa sababu gani?
2. Kwa nini kuongeza kuni hakulainishi nyama?
3. Tui la kwanza hutiwa wakati gani? Ukilitia mapema nini kitatokea?
4. Kilo 1 na nusu ya nyama imekatwa vipande 30. Watu ni 8, na kila mmoja amepewa 3. Vimebaki vingapi? Jadilianeni mtampa nani.
5. Kikundi kitengeneze kapu moja. Pikeni chungu kimoja kwa kuni peke yake na kingine kwa kuni na kapu. Hesabuni kuni zilizotumika kwa kila chungu, andikeni ubaoni.