Namna ya Kutumia Vitufe Viwili au Zaidi kwa Amri Moja



Kila Jumamosi hutoka Lilongwe kwenda Dzaleka, Wilaya ya Dowa, kuwafundisha vijana kompyuta. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1994. Wanafunzi wangu wengi asili yao ni Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili hutuunganisha. Kompyuta ni chache na zamu ni fupi. Anayetafuta kila amri kwa kipanya, zamu yake huisha kabla ya barua yake. Basi yafaa kujua njia za mkato.

Kwanza, fahamuni kwamba Ctrl, Alt na Shift ni vitufe vya kusaidia: hubadili maana ya kitufe kingine. Herufi inapobonyezwa, kompyuta hutazama ni kitufe gani cha kusaidia kimeshikwa wakati huo. Kwa hiyo, ukitaka kuhifadhi kazi, shika Ctrl kwanza, gonga S mara moja, kisha achia vyote. Ukitanguliza S, utaandika herufi s tu. Tena usiikalie herufi: ukishika Ctrl na V kwa muda mrefu, maneno yatabandikwa tena na tena.

Pili, si kila amri hushikwa pamoja. Katika Excel ya Windows, kuipa safu upana unaotosha maneno yake, hubonyezwa Alt, H, O, I, kimoja baada ya kingine, kama mtu atajaye herufi za jina. Kwa kawaida kitabu kikiweka alama ya kujumlisha kati ya vitufe, vishike pamoja. Kikiweka mkato, fuata zamu.

Tatu, vitufe vingine viliwekwa mbalimbali kwa makusudi. David Bradley wa kampuni ya IBM ndiye aliyebuni Ctrl+Alt+Delete kwa kompyuta iliyotoka mwaka 1981. Amri hiyo iliwasha mashine upya, na kazi isiyohifadhiwa ilipotea. Kwa hiyo alichagua vitufe ambavyo mtu hawezi kuvigusa pamoja kwa bahati mbaya. Lakini W iko juu tu ya S, na katika programu za kusomea intaneti Ctrl+W hufunga ukurasa. Tazameni vidole vyenu!

Je, mwenye mkono mmoja afanyeje? Katika Windows, na abonyeze Shift mara tano. Kompyuta itamwuliza, naye akubali. Tangu hapo ataweza kubonyeza Ctrl, akaiachia, kisha S. Mwanafunzi wangu mmoja hufanya hivyo, wala haombi tena mtu amshikie kitufe.

Anzeni na amri tatu: Ctrl+S kuhifadhi, Ctrl+C kunakili, Ctrl+Z kurudisha kilichoharibika. Zirudieni hadi vidole vizizoee, ndipo muongeze nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.