Elimu ya Afya: Kupima Ugonjwa wa Siliaki Nyumbani, na Sababu ya Kutoacha Ngano Kabla ya Kipimo

Kujipima nyumbani si jambo geni tena. Wanawake hununua kipimo cha mimba katika duka la dawa, wenye kisukari hupima sukari yao kila siku, na kujipima VVU kuliruhusiwa nchini sheria iliporekebishwa mwaka 2019. Katika orodha hiyo kimeongezeka kipimo cha ugonjwa wa siliaki, ambacho huuzwa zaidi nchi za nje na kwa njia ya mtandao. Somo hili linaeleza kazi ya kipimo hicho na mipaka yake, pamoja na kosa linaloharibu majibu yake mara nyingi, nalo ni kuacha kula ngano kabla ya kupima.

UGONJWA WENYEWE

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ukuta wa utumbo huo una vijidole vidogo mno vinavyofyonza virutubisho. Vijidole hivyo vikiliwa na kusawazika, chakula hupita bila kumfaa mlaji.

Dalili zake ni kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, uchovu, na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Mtoto anaweza kudumaa. Wengine hutokwa na malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini, na wapo wasioonyesha dalili ya tumbo hata kidogo. Ugonjwa huu hauambukizi, bali huenda kwa damu ya ukoo: miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa, takribani 1 kati ya 10 huwa nao pia.

Hata hivyo, si kila tumbo linalosumbua lina siliaki. Minyoo, amiba, giadia, kifua kikuu, VVU na kushindwa kumeng'enya maziwa vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Kwa hiyo mwenye dalili aanzie zahanati, ambako maradhi yanayopatikana zaidi huchunguzwa kwanza.

JINSI KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Kipimo cha nyumbani hakitazami utumbo. Hutafuta katika damu kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza anapokula gluteni. Kidole hutobolewa, tone la damu huwekwa kwenye kibao pamoja na matone ya dawa iliyomo katika pakiti, kisha mpimaji husubiri dakika zilizoandikwa kwenye maelezo. Katika vipimo vingi, mstari mmoja wa uhakiki ukitokea peke yake, kingamwili hazikuonekana. Mistari miwili ikitokea, zimeonekana. Mstari wa uhakiki usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika na majibu yake hayana maana.

Usalama uzingatiwe. Kisindano cha kutobolea kidole ni cha mtu mmoja na hutumika mara moja tu. Pakiti iliyopita muda wake, au iliyokaa juani, isitumike. Majibu yasisomwe baada ya muda ulioelekezwa. Nchini Tanzania vitendanishi vya kupimia magonjwa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hivyo mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa hiyo imesajiliwa.

KWA NINI NGANO ISIACHWE KWANZA

Mfano wa kawaida ni wa mzazi anayeona mtoto wake akiharisha kila anapokula chapati. Kwa huruma humwondolea chapati, maandazi na mkate. Baada ya miezi michache mtoto hunawiri, ndipo mzazi hutafuta kipimo ili apate uhakika. Kipimo hakionyeshi kitu, naye huambiwa mtoto hana ugonjwa. Ngano hurudi mezani, na maumivu hurudi pamoja nayo.

Kilichotokea ni kwamba gluteni ilipoondoka, kingamwili zilipungua na utumbo ukaanza kupona, hivyo kipimo kikakosa cha kukamata. Ugonjwa ulikuwa umetulia tu. Jambo hili linafanana na lililoshuhudiwa Uholanzi wakati wa njaa ya mwaka 1944 hadi 1945. Daktari wa watoto Willem Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, aliona watoto wenye siliaki wakipata nafuu mkate ulipoadimika, na wakiugua tena uliporudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu iliyoieleza ngano kuwa chanzo cha madhara hayo.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya tiba ya Uingereza inamtaka anayepimwa awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kipimo. Aliyekwisha kuacha ngano, hasa mtoto au mtu aliyedhoofika, asiirejee bila kusimamiwa na daktari.

MAJIBU YASIPOTOSHE

Majibu yanayoonyesha kingamwili si hukumu ya mwisho. Humpeleka mhusika hospitali, ambako damu hupimwa upya maabara na, ikihitajika, daktari huchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira mwembamba unaopitishwa kinywani. Hadi uchunguzi huo ukamilike, mgonjwa aendelee kula kama kawaida, isipokuwa daktari akielekeza vingine.

Majibu yasiyoonyesha kitu nayo si kinga. Baadhi ya watu kwa maumbile hukosa aina ya kingamwili ambayo kipimo hutafuta, na watoto walio chini ya miaka 2 huwa nazo chache. Mwenye dalili zinazoendelea arudi kituoni hata kama kipimo cha nyumbani kimemtuliza. Kituo kisicho na kipimo cha siliaki kinaweza kumpa rufaa. Ni vyema aende na pakiti aliyotumia, pamoja na orodha ya vyakula alivyokula katika wiki za karibuni.

IKITHIBITIKA

Siliaki haina dawa ya kuiponya. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote, na ndiyo maana uhakika unatakiwa kabla ya kumfunga mtu kwa masharti hayo. Kwa kaya nyingi zetu habari njema ni kwamba chakula kikuu hakina gluteni: ugali wa mahindi, mtama, ulezi au muhogo, wali, ndizi, viazi na maharage. Vitumbua vya mchele havina madhara. Chapati, maandazi, tambi, biskuti na sambusa za ngano vinaachwa, pamoja na bia na vinywaji vya kimea cha shayiri.

Hatari iliyojificha ni mbili. Unga wa lishe wa watoto mara nyingine huchanganywa na ngano, hivyo mzazi asome maelezo au asage mwenyewe. Mashine inayosaga ngano huacha masalia yanayoingia katika unga wa mahindi unaofuata. Mwenye ugonjwa huu atafute mashine isiyosaga ngano. Vivyo hivyo, mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasikaangie chakula chake.

Kwa ufupi, mkazi anayeshuku siliaki aendelee kula kama kawaida, afike kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu, apimwe, kisha abadilishe chakula baada ya ugonjwa kuthibitishwa.